Mbwa wa mashindano akitoka getini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wenye mbwa wa Uganda wanaofundisha utii wa mashindano, ajiliti (mbio za kuvuka vizuizi), kufuata harufu au ulinzi wa kimchezo, na wanaotaka mbwa huyohuyo atembee Ntinda, Jinja au Mbarara bila kumtia mtu hofu.

Mbwa wangu ni hodari uwanjani. Mbona nikitoka naye getini anakuwa kama hajafundishwa kitu?

Kwa sababu hapo getini hajafundishwa. Mbwa hajifunzi neno peke yake. Anajifunza neno pamoja na kila kilicholizunguka: nyasi, saa ya jioni, kola fulani shingoni, wewe umesimama wima ukimtazama, mpira umetuna kwenye mfuko wa kulia. Ondoa hivyo vyote, na neno "Kaa" linabaki sauti tu.

Unaweza kulihakikisha leo bila kutoka nyumbani. Mwambie "Kaa" ukiwa umesimama kama kawaida. Kisha mwambie ukiwa umempa mgongo. Kisha ukiwa umeketi kwenye kiti, kisha ukiwa umelala chali kwenye mkeka. Kila mara sema neno mara moja tu, uhesabu moja, mbili. Mbwa wengi wenye alama nzuri za mashindano hukwama kwenye kiti. Hana ukaidi hata kidogo. Kumbe alikuwa anasoma mwili wako zaidi ya neno lako, na mwili umebadilika.

Basi mafunzo ya mchezo hayahami kabisa kwenda mtaani?

Yanahama, ila si yale ambayo watu hutarajia. Kinachohama vizuri kuliko vyote ni ustadi wako wewe: kusema "Ndiyo!" sekunde ileile mbwa anapofanya sawa, kutorudia amri, kuujua uso wa mbwa wako. Kwa upande wa mbwa, anahama na uwezo wa kungoja, mazoea ya kukutazama anapokuwa na swali, na kuelewa kwamba kuachia kitu mdomoni huleta kitu kingine. Mbwa aliyejifunza kujifunza atahitaji muda mfupi kuliko mwingine.

Kisichohama ni utulivu. Mchezo hulipa kasi, macho makali na mwili uliojaa umeme. Mtaa unataka mbwa ajilaze pembeni ya meza ya chapati kwa dakika ishirini asifanye lolote, na kutofanya lolote hakujawahi kupewa alama uwanjani.

Mchezo wenyewe unalionaje jambo hili?

Unalikiri waziwazi. IGP, mchezo uliozaliwa Ujerumani kwa jina la Schutzhund, una sehemu tatu: kufuata nyayo, utii na ulinzi, kila moja alama 100. Lakini mbwa haruhusiwi kuingia IGP kabla hajafaulu mtihani wa mbwa wa kuandamana na mtu, unaoitwa BH, ambao umri wake wa chini ni miezi 15. Mtihani huo una vipande viwili. Cha kwanza hufanyika uwanjani na kina alama 60. Cha pili hufanyika barabarani: mbwa anapishana na baiskeli, magari, watu wanaokimbia, kundi la watu na mbwa wengine, na anafungwa kamba mahali peke yake kwa muda mfupi. Hicho hakina alama, ni kufaulu au kufeli. Kama utii wa uwanjani ungehama wenyewe, wasingekuwa na haja ya kipande cha pili.

Marekani nako, tangu 1989 kuna mtihani wa raia mwema wa mbwa wenye mazoezi kumi. Kuitwa na kuja ni kutoka umbali wa takriban mita tatu tu. Kuachwa na mgeni bila kuhangaika ni dakika tatu. Hakuna anayejali kama mbwa ameketi wima au amekaa upande. Ukitaka kipimo cha mbwa wa mtaani, hicho kinatosha, na unaweza kujipima nacho mwenyewe kwa msaada wa majirani wawili.

Nitumie mwendo wa mashindano, kichwa juu na bega kwenye goti langu, ninapotembea barabarani?

Hapana. Mwendo ule ni kazi nzito ya dakika chache. Mbwa amepinda shingo juu, haoni mbele, haoni shimo, hamwoni mtoto anayekuja akikimbia. Ukimdai kwa nusu saa ataanza kuushusha kidogo kidogo, nawe utaanza kuuvumilia, na mwisho utakuwa umeharibu vyote viwili: amri yako ya uwanjani imelegea, na mtaani bado anavuta.

Tumia maneno mawili. "Mguu" libaki la uwanjani. "Twende" liwe la mtaani, na maana yake ni moja: kamba isikazwe. Kichwa kiwe kokote, anuse anachotaka, mradi kamba yenye urefu wa mita 1.8 hadi 2 ining'inie ikitengeneza upinde chini kati ya mkono wako na kola. Ikikazwa, simama. Usivute, usiseme neno. Ikilegea hata kwa kiganja kimoja, sema "Ndiyo!", tembea. Siku ya kwanza mita hamsini za barabara ya murram zinaweza kumaliza dakika kumi. Ni kawaida.

Halafu kuna jambo linalosahaulika sana hapa kwetu. Mbwa wa utii wa mashindano kwa kawaida hufundishwa kutembea upande wa kushoto tu. Uganda magari hupita kushoto, kwa hiyo anayetembea kwa usalama, akiyakabili magari, yuko ukingo wa kulia wa barabara, na barabara iko kushoto kwake. Mbwa aliyezoea kushoto anakuwa ndiye ukuta kati yako na boda boda. Mfundishe upande wa kulia kwa neno lake, kwa mfano "Kulia". Anza na ukuta wa ua ukiwa upande wako wa kulia, nafasi ya mbwa mmoja tu kati yako na ukuta, zawadi itoke mkono wa kulia na itolewe kando ya paja la kulia. Ukiitoa kwa mkono wa kushoto atazunguka mbele yako kuifuata, ukwae. Dakika tano kwa siku, siku saba au nane, kisha ondoa ukuta.

Namfundishaje kutulia?

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo wengi wanapoharakisha.

Tafuta gunia safi au kipande cha mkeka, kisizidi mara moja na nusu ya urefu wa mbwa. Kitumike kwa kazi hii tu, kisha kikunjwe kiwekwe juu. Chemsha maini, yakate vipande vya ukubwa wa punje ya haragwe, hamsini hivi. Tandika gunia, keti kando yake, usimwambie mbwa kitu. Atalinusa. Mguu mmoja ukikanyaga, weka kipande juu ya gunia, si mdomoni. Tofauti hiyo ndogo ni kubwa: chakula kikitoka mkononi, mbwa anautazama mkono na kusubiri kazi, lakini kikionekana chini kati ya miguu yake ya mbele, macho yanashuka na mwili unashuka nayo.

Siku ya tatu au ya nne atakuwa anajilaza mwenyewe. Sasa mwangalie kiuno. Mbwa aliyelala kwa amri ya mashindano amelala kama chatu aliyejikunja kuruka: viwiko vimekaza, miguu ya nyuma iko chini ya mwili tayari kusukuma. Aliyetulia kiuno chake kimeanguka upande mmoja, na nyayo ya nyuma inaonekana. Lipa kiuno kile. Lipa kidevu kikigusa chini. Lipa pumzi ndefu puani. Weka vipande polepole bila kushangilia, maana "Ndiyo!" yenye furaha itamwinua. Neno "Tulia" liingize tu unapoweza kuweka dau kwamba atafanya hata bila neno.

Dakika mbili sebuleni, kisha tano barazani, kisha tano getini ndani, kisha tano getini nje. Ongeza muda au mahali, kamwe si vyote kwa siku moja. Ukifika kwenye meza ya rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai), anza mita kumi na tano nje ya harufu ya mafuta, kwa dakika tatu, uondoke kabla hajachoka.

Kinachoharibu zaidi ni mpira. Mbwa aliyewahi kurushiwa mpira hata mara moja akiwa kwenye gunia atakesha akiungoja. Uache nyumbani.

Anabwekea boda boda, hasa zikipita karibu. Nifanye nini?

Usiende kwenye steji zinakosubiri abiria. Tafuta mahali ambapo boda zinaonekana zikipita umbali wa mita arobaini, pengine ng'ambo ya uwanja wa shule siku ya Jumapili. Boda itokee kwanza, mbwa aione, ndipo kipande cha maini kitoke, na kiendelee kutoka mpaka boda ipotee. Ikipotea, maini yanaisha. Mpangilio huo usigeuzwe. Ukitoa chakula kabla ya boda, chakula kinakuwa tangazo la balaa, na utamwona mbwa anaanza kuangaza pembeni kila ukiingiza mkono mfukoni.

Boda kumi, dakika zisizozidi kumi, siku nne kwa wiki zenye mapumziko kati yake. Kama kati ya boda kumi nane zimepita yeye akakugeukia mwenyewe kudai chake, sogea mita tano. Akibweka mara mbili mfululizo, rudi nyuma mita kumi. Utamjua anayekaribia kushindwa kabla hajabweka: anafunga mdomo ghafla, masikio yanasimama, anapokea chakula kwa kukinyakua hadi meno yanagusa vidole, au anakiacha kabisa. Mbwa mwenye pupa ya maini nyumbani akiyakataa barabarani, umekwenda karibu mno.

Kumweka "Mguu" wa mashindano wakati boda inapita kunaweza kukuvusha siku moja ya dharura. Hakumfundishi kwamba boda si kitu. Amezuiwa tu kuitazama.

Mbwa wangu anafanya mazoezi ya ulinzi. Ni hatari mtaani?

Mbwa aliyefundishwa vizuri ulinzi wa kimchezo hufuata kifaa. Anautaka mkono bandia, yaani kinga nene anayoivaa mkononi msaidizi wa mazoezi anayejifanya mshambuliaji, na akiutupiwa hubeba na kuondoka nao kwa fahari. Hatari inakuja kwenye vitu vinavyofanana na picha ya mazoezi. Msaidizi hukimbia, huinua mkono, hupiga fimbo hewani, huvaa koti nene. Sasa mtazame dereva wa boda asubuhi ya baridi: koti zito amelivaa nyuma mbele kukinga upepo, mikono imejaa, anashuka ghafla, anainua mkono kumwita abiria. Mchungaji ana fimbo. Askari ana kirungu. Mzee ana mkongojo, na mvua ikitishia kila mtu ana mwavuli.

Msimamo wetu hauna mlango wa nyuma: mbwa asianze kung'ata kitu chochote kabla hajaweza kupita karibu na watu wa namna hiyo kamba ikiwa imelegea, mahali patatu tofauti, siku tatu tofauti. Aliyekwisha kuanza asimamishwe mpaka afike hapo. Mazoezi yafanyike mahali pamoja tu, kwa mkanda wa kifuani usiovaliwa popote pengine, na kamwe yasifanyike getini kwako. Mtu anayekuuzia huduma ya kumfundisha mbwa "kuchukia watu" kwa kumchokoza akiwa amefungwa mnyororo hafundishi mchezo wala ulinzi. Anatengeneza mbwa mwenye hofu, naye atamng'ata mtoto wa jirani kabla ya mwizi.

Mbwa huyu azoeshwe pia kifunga mdomo cha umbo la kikapu, chenye nafasi ya kuhema na kunywa maji. Kile cha kitambaa kinachobana taya kinamzuia kutweta, na kwenye jua mbwa asiyetweta anapata joto la kumwua. Siku tatu apokee maini ndani ya kikapu bila kufungwa, siku tatu ufunge sekunde tano, kisha thelathini, kisha dakika. Akijikwaruza usoni, umekimbia.

Amri za Kijerumani, Kiswahili au Kiluganda?

Mbwa hajali. Wewe jali jambo moja: neno lisizagae. Kampala "Jangu" (njoo, kwa Kiluganda) husikika kila hatua tano, na mbwa anayeitwa kwa neno hilo atajifunza ndani ya wiki kwamba halina maana. Ndiyo faida ya maneno ya Kijerumani kama "Platz" (lala) au "Hier" (njoo): hakuna jirani anayeyatamka. "Kaa" na "Lala" yanafaa kama utayasema kwa sauti yako ya amri. Kwa kuita, filimbi ni bora kuliko neno lolote, kwa kuwa haina hasira wala mafua.

Tumia maneno tofauti pale tu matendo yanapotofautiana. "Mguu" na "Twende" ni matendo mawili. "Kaa" ya uwanjani na "Kaa" ya mtaani ni tendo moja, halihitaji majina mawili.

Uwanjani anakuja mbio akiitwa. Akiona kuku, hasikii.

Uwanjani mshindani wako ni nyasi. Kuku anapiga kelele na anakimbia. Funga kamba ya mkanda yenye mita kumi kwenye mkanda wa kifuani, si kwenye kola, kwa sababu mbwa akifika mwisho wake kwa kasi shingo huumia. Vaa glavu au usiishike mkononi, ikanyage. Anza kuku wakiwa mbali kiasi kwamba anageuka kwa filimbi moja. Akigeuka, mlipe vipande vitano kimoja kimoja, kisha mruhusu arudi kutazama kuku kwa mbali. Ruhusa hiyo ndiyo malipo makubwa zaidi, maana anajifunza kuwa kuja hakumalizi raha. Usipige filimbi kama unajua hatakuja. Nenda ukamchukue kimyakimya. Mbuzi ni rahisi kidogo, hawakurupuki kama kuku.

Kola ya umeme au ya miiba itaharakisha?

Itanyamazisha. Mbwa hujua siku ambayo kola ipo shingoni na siku ambayo haipo, kwa hiyo unabaki na mbwa wawili. Jambo baya zaidi ni maumivu yanapoambatana na kile alichokuwa akikitazama, yaani mtoto au mbwa mwingine. Anaacha kunguruma lakini hajaacha kuogopa, na siku ya kung'ata atang'ata bila kutoa onyo. Kola bapa na mkanda wa kifuani vinatosha.

Mbwa wa kienyeji naye anaweza?

Mara nyingi ameshatangulia. Aliyekulia kwenye senta ya biashara alizoea mbuzi, kaveera (mifuko ya plastiki) zinazopeperuka, vipaza sauti na korongo wakubwa wa jalalani kabla hajafikisha miezi minne, na kipindi cha kwanza cha maisha, hadi karibu wiki ya 14, ndicho kinachopanga kitakachomtisha baadaye. Malinois (mbwa wa Ubelgiji anayependwa kwa michezo hii) aliyelelewa kwenye kibanda cha nyuma ya ukuta hana hazina hiyo. Mbwa wa kienyeji huenda asijali mpira. Mlipe kwa chakula. Mukene (dagaa) waliokaushwa ni bei nafuu na wana harufu anayoipenda.

Tukipishana na watu wanaoogopa mbwa?

Wape nafasi wewe, usingoje wakuombe. Toka nje ya njia mita mbili au tatu, mwache mbwa upande wa mbali nao, ufupishe kamba bila kuikaza, kisha ulipe utulivu wake. Kwa Waislamu wengi mate ya mbwa ni najisi, na aliyevaa kanzu akielekea msikitini akilambwa atalazimika kurudi kujitwaharisha. Usiseme "Haumi, msiogope." Watoto wakikimbia wakipiga kelele, geuka uondoke. Usiwakemee, maana wengi wamewahi kufukuzwa na mbwa.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ianze akiwa na miezi mitatu na irudiwe kila mwaka, na cheti kiwe kwenye simu yako. Akimng'ata au kumkwaruza mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu apelekwe kituo cha afya siku ileile, hata kama mbwa amechanjwa.

Saa gani nzuri?

Kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Weka mgongo wa kiganja kwenye lami kwa sekunde saba. Usipoweza kuvumilia, naye hawezi.

Utulivu wa mtaani hautampunguzia kasi ya mashindano?

Hautampunguzia kama umetenganisha maneno na vifaa. Gunia na kola bapa ni vya mtaani, mpira na kola ya uwanjani ni vya uwanjani. Siku ya mashindano atapata faida: badala ya kuungua kwa msisimko akiwa amefungwa kwenye gari kwa muda wa saa tatu, atalala, na nguvu zake zitakuwepo zamu yake ikifika.

Lini nimwachie bila kamba barabarani?

Barabarani, kamwe. Mwachie kwenye uwanja wenye uzio, geti likiwa limefungwa.